Nyumba ya Mjerumani Niliyompatia Mteja Wangu

Mimi ni dalali, na nyumba za wakoloni nimejisomea mwenyewe mpaka nazitambua kwa bomba la moshi. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mteja kutoka Dar, niliyembembeleza tangu masika, kuona nyumba ya Mjerumani inayouzwa na familia moja chini ya Uluguru. Mzee aliyetupokea barazani aliitikia kwa kichwa kila nilichosema. Nikaeleza unene wa kuta, nikasifu mbao za dari, nikataja bei, naye akaitikia. Tukapeana mikono.

Ndipo bibi mmoja akatoka na chai.

“Shikamoo, bibi. Tumeshamalizana na mwenye nyumba.”

“Marahaba. Mwenye nyumba yupi?”

Nikamwonyesha mzee.

“Huyu ni mume wangu. Nyumba aliinunua mama yangu, na kwa Waluguru mali ya mama hubaki upande wa mama. Mwenye neno ni kaka yangu, yuko Kinole. Huyu humu ni mgeni, kama wewe.”

Mzee akaitikia.

Mteja akaweka kikombe chini.

“Na wewe, mwanangu,” bibi akauliza kwa upole, “kabila gani?”

Nililitazama bomba la moshi kwanza.

“Mluguru, bibi.”