Kahawa Aliyoitafuna Wakili Rwegasira

Shangazi yangu Kokushubila alikuwa mtu wa kuchoka kimya kimya, na mimi nilichoka kwa sauti kwa niaba yake. Mume wake alizikwa Izimbya, ndani ya kibanja chao cha migomba na mibuni. Miaka michache baada ya Uhuru, shemeji yake Mushumbusi akadai kibanja ni cha ukoo, mjane hana lake. Shangazi akafungua kesi, akaweka wakili, Rwegasira, mtu wa kwetu aliyesoma mpaka ng'ambo. Siku ya kesi mjini Bukoba, wakili hakutokea. Hakimu akaifuta kesi.

Karani wa mahakama alituambia kesi ingeweza kufunguliwa upya, ilimradi Rwegasira mwenyewe akiri kwamba kosa la kutofika lilikuwa lake. Neno moja tu. Tukamfuata ofisini, na kila tukienda tunaambiwa yuko Muleba. Nikamwambia shangazi kwamba huyu mtu amehamia Muleba bila kuaga. Hakucheka.

Mwishowe tukamshtaki kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, Dar es Salaam. Kamati ikamtaka ajieleze. Hakujibu. Ikamkumbusha, akanyamaza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya chake hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa cha mtu aliyezoea kunyenyekewa.

Mushumbusi alikuwa amempa shangazi mpaka mwisho wa mavuno ya kahawa awe amehama. Jumapili moja baada ya misa, Rwegasira akaja Izimbya na mzee wa ukoo wake. Sijui kwingine, lakini kwetu mgeni akiingia, hata uliyemshtaki, unamletea kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa. Shangazi akapiga magoti, akampa kikapu kidogo kwa mikono miwili. Wakili akachukua, akatafuna.

"Ma, basi yameisha?" mzee akauliza.

"Waitu, kama amekuja mwenyewe, yameisha," shangazi akamjibu mzee kwa heshima. "Aseme tu kule mahakamani."

Rwegasira akatikisa kichwa kukubali, wakaondoka.

Yeye aliamini kahawa ile imemaliza mashtaka yote, hata ya Dar es Salaam, na kwamba hana tena haja ya kumjibu mtu. Shangazi aliamini mtu aliyetafuna kahawa yake hawezi kumnyima neno. Niliwakasirikia wote wawili, na mpaka leo hasira haijaniisha. Kamati haikuwa imetafuna kahawa ya mtu. Ilingoja majibu, nasi tukangoja, mavuno yakaisha, Mushumbusi akaingia na watu wake. Shangazi akahamia kwangu Kahororo, pale Bukoba mjini, kwenye chumba changu cha kupanga, na godoro lake na sufuria.

Hazikupita siku nyingi habari ikafika: Rwegasira amefungiwa uwakili kwa kukataa kuijibu kamati. Kuhusu ile siku ya kesi hawakuamua kitu, maana hakuwaambia kitu. Majirani wakashangilia kana kwamba tumeshinda. Nikamfuata shangazi sokoni kumweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alisema?" akaniuliza.

"Hakusema, shangazi."

Akamgeukia muuzaji, akauliza bei ya ndizi za kupika. Aliuliza kwa kunong'ona, akitazama chini, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kununua ndizi.