Posho ya Mwenye Kutumika

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao Kolwezi, mji wa migodi wa Zaire, maelfu walikaa stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mushiya alikuwa mmoja wao, na kwa siku kumi na moja hakuwa ameonja kitu ila maji ya uji aliyolazimishwa na bintiye, Tshiela.

Unga haukukosekana, parokia iligawa kila asubuhi. Tshiela akipika, akimwekea, mama anaitazama sahani na kusema neno moja tu: "Sikutumika."

Katika Kiswahili cha Kolwezi, kutumika ni kufanya kazi. Miaka kumi na tisa Mushiya alikuwa mpimaji katika ghala la kampuni ya mgodi, akiwapimia wake wa wafanyakazi unga wa posho. Posho ni ya mwenye kutumika, alizoea kuwaambia. Walipomfukuza walichukua hata funguo za ghala.

"Akili imemutoka," walinong'ona majirani. Tshiela aliogopa jambo moja: treni ifike, mama awe amekwisha kufa.

Siku ya kumi na mbili alimshika mkono, wakapanga foleni pamoja. Mbele, Fidélie wa parokia alichota unga kwa kopo bila mpango, mara likifurika, mara likipungua.

"We Fidélie, ya mwenzangu ni mulima, ya mimi ni shimo?" Kanku, mmoja wa wake waliopimiwa na Mushiya ghalani, alifoka. Wanawake wakaanza kusukumana.

Mushiya akauachia mkono wa binti, akaipita foleni nzima. Aliokota kipande cha ubao, akalitwaa kopo, akachota, akapangusa mdomo wa kopo kwa ubao mara moja. Unga ukakaa sawa kama maji ndooni.

Fidélie alinyoosha mkono alichukue kopo lake, kisha akaurudisha. "Basi, mama, tumika."

Tshiela alisimama kinywa wazi. Mikono iliyoshindwa kushika kijiko jana ilichota, ikapangusa, ikamimina, na punje haikudondoka. Mama hakuitazama hata mikono yenyewe, alitazama nyuso. Kusukumana kukaisha.

"Mama Mushiya, hata huku unatunyima mulima?" Kanku alilalama.

"Mulima utaukuta Kasai."

Foleni yote, ambayo karibu yote ilizaliwa Kolwezi na haijapata kuiona Kasai, ikacheka.

Gunia lilipobaki tupu, Mushiya alilikung'uta, akapata kopo la mwisho, akalipangusa, akampa bintiye.

"Pika. Leo nilitumika."

Alikula akamaliza. Kisha akauliza kesho magunia yanafika saa ngapi.