Besi Iliyoingia Mapema

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na Kariakoo ikafurika kanda za muziki, bendi yetu ya zamani ilijiandaa kuzunguka mikoani. Nikapewa kazi ya kuchagua vijana wa kutufungulia jukwaa. Siku nzima nilikaa chumba cha ghorofani Mchafukoge, joto kali, wasukuma mikokoteni wanapigiana kelele chini, nikisikiliza kundi baada ya kundi. Nilichoka mpaka masikio.

Kundi la mwisho likapiga wimbo wetu. Katikati, besi ikaingia mapema, palepale alipokosea marehemu mpiga besi wetu tuliporekodi redioni, na hatukupewa nafasi ya kurudia. Jukwaani tulisharekebisha zamani.

“Hapo mmekosea!” nikafoka.

“Samahani, mzee, kwenye kanda yenu ndivyo ilivyo,” akajibu mpiga besi wao.

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikawachukua, nikawaagiza wafungue na wimbo huohuo. Sisi tungefunga kwa wimbo huo, watu wasikie tofauti.

Morogoro, besi yao ilipoingia, ukumbi mzima uliruka. Zamu yetu tukaupiga sawasawa. Nikishuka jukwaani, shabiki mmoja akanishika mkono kwa huruma.

“Poleni, mzee. Siku hizi besi yenu inachelewa.”