Mama Hajambo, Bima Inataka Kujua

Mdogo wangu alipokaribia kujifungua huko Kanada, mama aliamua kwenda kumuuguza arobaini yake. Kanga na pilipili manga ya uji wa mzazi vilikuwa ndani ya begi wiki tatu kabla ya viza. Kilichobaki ni bima ya matibabu ya dharura, kwani huko mgeni akiugua bila bima, familia nzima inaugua.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu mama yangu hajawahi kuumwa. Si kwamba ni mzima. Ana presha ya miaka mingi, na dawa zake anazificha kwenye kopo la biskuti. Mwaka juzi alianguka kwenye maulidi Tongoni, akabebwa na wanawake wanne, na alipozinduka akaanza kuwauliza wao hali zao. Lakini ukimuuliza yeye, hajambo, alhamdulillahi. Kwake, kumlalamikia mtu maradhi ni kumshitaki Mungu kwa jirani.

Karani wa bima alipiga simu baada ya alasiri. Alikuwa binti wa Kikenya aliyehamia huko; mdogo wangu alimtafuta makusudi ili mama aulizwe kwa Kiswahili. Maswali yalikuwa kumi na mawili, na nakala yake nilikuwa nayo mkononi. Binti akaanza kwa kosa: alimwamkia. Mama kusikia shikamoo akajiweka sawa kwenye mkeka, akaitika marahaba, akauliza habari za wazazi, za baridi, za mume. Alipoambiwa hakuna mume, akamwombea dua. Ndipo yakaja maswali. Presha? Alhamdulillahi. Moyo? Tunashukuru. Swali la saba, miguu inavimba? Salama tu mwanangu, labda yako wewe unayekaa kwenye barafu.

Nilishika kichwa. Nikamwonyesha kopo la biskuti, akajitia hamnazo. Mdogo wangu alikwishanieleza wazi kwamba ukificha ugonjwa kwenye fomu, siku ukilazwa bima inakukana. Kwa hiyo nikamnyang'anya simu, nikasema mama ana presha na alishawahi kuanguka. Mama alinitazama kana kwamba nimemvua kanga sokoni.

Binti hakukasirika. Aliomba arudishiwe mama, akamwambia taratibu, "Mama, sasa sikusalimii. Hii ni kazi yangu. Ukinificha, mimi ndiye nitakayefutwa kazi."

Kumbe ndilo lililokuwa likitakiwa. Mama hawezi kumkosesha mwana wa watu riziki. Alitoa yote, kuanzia kuzaliwa kwangu mimi niliyetanguliza miguu, hadi goti la kushoto, hadi jicho baya la mwanamke mmoja wa Kigombe, ambaye binti aliomba asitajiwe jina. Akaahidi pia kwamba akiulizwa tena maswali yale hataficha. Bima ikatoka, bei yake ya kuumiza, presha ikiwamo. Mama akapanda ndege.

Wiki ya nne nilimpigia simu. Hajambo, alhamdulillahi. Mtoto hajambo, mzazi hajambo, hata theluji haijambo. Ila alikuwa akihema katikati ya maneno, nami nikaingiwa na hofu. Nikamuuliza mara ya pili, akanijibu vilevile, kisha akataka kujua kama minazi yetu ya Pangani imeanguliwa. Nilikwenda kabatini nikaitoa ile nakala.

"Mama," nikasema, "namba tano. Unapumua vizuri?"

Akaniuliza tena habari za minazi.

"Na namba saba, miguu?"

Nilimsikia mtoto akilia kwa mbali, kisha nikasikia mama akifunga mlango.

"Namba saba ndiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu Ijumaa. Lakini usimwambie mdogo wako, bado hajatoka arobaini."