Mjomba na Kishindo cha Mjusi

Kanda ile ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, na wa kwanza kuichoka nilikuwa mimi. Kaka yangu aliinunua Kariakoo, ikaja Kibiti juu ya basi pamoja na deki, televisheni na jenereta lililokuwa likikohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka la vipuri, yule kibanda cha soda, sisi tukafungua banda la video. Kaka alisimama mlangoni na mimi nikakaa kwenye mashine, maana yeye ana mikono mizito, na mimi nina kiherehere tangu kuzaliwa. Mama alisema hata nikiwa tumboni sikumpa usingizi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mijusi wa zamani, wale wanaopita nyumba kwa urefu. Kwetu ilifika imechakaa. Chenga zimejaa kama pumba za mpunga unaopepetwa. Kichwa cha mjusi kimepinda juu ya kioo, kijani kimekuwa kijivu, na watu wanazungumza kama wenye ugali mdomoni. Nilisafisha hedi ya deki, ile inayosoma kanda, kwa spiriti, nikabonyeza kitufe cha kunyooshea picha mpaka maandishi yake yakafutika, nikaipiga televisheni ubavuni. Wapi! Picha inatulia dakika mbili, halafu inaanza kucheza mdundiko. Nami siwezi kutulia. Nainuka, nagusa, nakaa, nainuka tena, mpaka kina mama wa mbele wakanipigia kelele: "Wewe dada, tuonyeshe filamu au tuonyeshe mgongo wako, chagua moja!"

Tulionyesha mchana, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Chenga watu walizivumilia. Kilichowaudhi ni miguu ya mjusi. Pale yule mkubwa kuliko wote anapotoka msituni, sauti ya kanda ilikuwa imekufa kabisa. Anakanyaga, na husikii kitu ila jenereta. Mkulima mmoja wa bondeni akasimama katikati ya filamu. "Huu uongo," akasema. "Mimi nikiwa juu ya dungu nalinda mpunga wangu, kiboko akipita namsikia mbavuni kabla sijamwona. Leo mjusi mkubwa kama msikiti anatembea kama paka?" Banda zima likamuunga mkono. Mjusi mkubwa kama msikiti walimkubali bila shida. Asiye na kishindo hawakumtaka.

Ndipo nikamkumbuka mjomba, ndugu wa mama. Mjomba alikuwa mpiga ngoma. Zamani harusi haikunoga Ruaruke wala Mchukwi bila yeye. Halafu zikaja redio kaseti na maspika, maharusi wakataka muziki wa kanda, ngoma zake zikabaki uvunguni na mende. Nilimwita akatazame filamu. "Rudisha," akasema. "Rudisha tena." Mara nne, na muda wote alikuwa akitazama miguu tu. Mwisho akaniambia, "Mguu wa kushoto mzito zaidi. Huyu aliumia huyu."

Kesho yake akaja na ngoma kubwa. Akaipasha moto uani kwa makuti makavu mpaka ngozi ikakaza, akaketi nyuma ya pazia, pembeni ya televisheni, mahali mimi namwona na watazamaji hawamwoni. Wala hakusubiri mguu utue ndipo apige. Alipiga kabla kidogo. Mnyama mzito, alisema, ardhi humtangaza kwanza.

Lo! Watu walikimbia. Mama mmoja alimwacha mwanawe mkekani, akamkumbuka alipokwisha kufika nje, akarudi kumchukua huku anacheka na kulia. Kutoka siku ile banda likawa halipitiki. Watu walikuja mpaka kutoka Utete kumsikia mjusi wa Kibiti. Mjomba akaanza kupiga pasi kanzu zake. Akipita sokoni wanamwita "Mjusi!" naye anaitika kwa sauti. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu nikiwa mdogo.

Na mimi? Mimi zile chenga ziliniwasha mwili mzima. Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta mkanda wa jenereta, na katika duka moja la video nikaikuta filamu ileile, kopi safi. Niliona mikunjo ya shingo ya mjusi. Niliona ulimi wake, na jicho lake limelowa. Alipokanyaga, sauti ilinipiga kifuani nikashika meza. Muuzaji akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nilirudi Kibiti na kanda mpya na maspika mawili yanayonifika kiunoni.

Kaka alipoyaona aliuliza neno moja tu. "Na mjomba?"

"Nitamwambia."

"Haya. Utamwambia wewe, si mimi."

Wiki hiyohiyo mjomba alikuwa amempelekea salamu binti yake, aliyeolewa huko delta, aje Idi pili, siku ya pili ya Idi Kubwa, na watoto wake. Wajukuu wale walizaliwa ngoma ziko uvunguni. Hawakupata kumsikia babu yao akipiga hata siku moja, na mjomba alikuwa akihesabu siku kama mfunga Ramadhani. Nilijua yote hayo. Kila asubuhi nilikwenda kwake kumwambia habari ya maspika, nikanywa kahawa, nikazungumza habari za mvua, nikaondoka. Nilijiona mwongo na nilikuwa mwongo. Nikaamua Idi tutaonyesha kanda ya zamani, mpya itasubiri. Kisha nikajidanganya kwamba vitasikika vyote viwili, ngoma na spika. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kinyemi kilinishinda. Idi pili mchana niliingiza kanda mpya.

Mjomba alikuwa ameshapasha ngoma yake. Aliyaona maspika. "Ya muziki hayo?" akaniuliza. Nikamwambia, "Eeh, mjomba." Wajukuu wake watatu wameketi mbele kabisa, nguo mpya, na mama yao nyuma yao.

Mjusi akatoka msituni. Mjomba akapiga, kabla kidogo kama kawaida yake, na mlio wake ukamezwa papo hapo. Spika zilitingisha mabati. Watu walipiga mayowe kwa raha, wengine wakisimama, wengine wakijifunika kanga. Nami kutoka kwenye mashine niliuona mkono wa mjomba unapanda na kushuka juu ya ngozi, wala simsikii. Akaongeza nguvu. Akapiga mara ya tatu, ya nne. Kisha akaacha, akalaza kiganja juu ya ngoma, akanitazama.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzungushia sauti. Kukizungusha kidogo tu kungetosha mjomba asikike. Wallahi, nilitaka kukizungusha, na nilitaka zaidi kuisikia sauti ile mpaka mwisho. Sikukizungusha.

Filamu ilipokwisha binti yake alimfuata nyuma ya pazia, akamshika mkono. "Tumekusikia, baba. Watoto wamefurahi mno."

"Usinidanganye, mwanangu," mjomba akasema, taratibu, bila hasira. "Hata mimi sikujisikia."

Kisha akanigeukia mimi. "Mashine yako nzuri. Sasa mjusi anatembea kweli."

Na mimi nikamjibu ahsante. Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia mtu yule, na hilo ndilo lililonitoka.