Maji ya Makayabo

Mwezi uliopita nilirudi Bukavu kumaliza mambo ya kiwanja cha bibi yangu, na katika duka moja la dawa za mifugo, nilikoingia kujikinga mvua tu, nikaona mfuko wa chakula cha mbwa. Si chakula cha mbwa hivi hivi, rafiki yangu. Mfuko ulisema, kwa Kifaransa safi kabisa, kwamba ni cha mbwa wenye ugonjwa wa figo: chumvi kidogo, nyama kidogo. Muuzaji akaniuliza kama nina mbwa mgonjwa nyumbani. Nikamjibu kwamba nilikuwa naye zamani, na kwamba mimi ndiye niliyemlisha. Akasema pole. Sikustahili pole ile, lakini niliipokea, maana nimezoea kupokea visivyo vyangu.

Mbwa huyo aliitwa Kapita. Babu ndiye aliyempa jina hilo la msimamizi wa vibarua, kwa sababu kila aliyeingia kiwanjani kwetu Nyalukemba alikaguliwa kuanzia miguuni kama kibarua aliyechelewa kazini. Babu alipofariki, mbwa alibaki, na bibi yangu, koko kama tunavyosema kwetu, akabaki naye. Mimi nililetwa baadaye, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa wanahangaika na kazi huko Uvira. Koko hakuwa mtu wa kumpapasa mbwa. Alimgombeza asubuhi hadi jioni, kwa maneno yale yale aliyokuwa akimgombezea babu, nami nilielewa mapema kwamba bila Kapita nyumba ile ingekuwa kimya mno kwake.

Upande wa chini aliishi jirani yetu, mjane kama koko, muuza sambaza. Alianika samaki wake wadogo juu ya mabati ya zamani, na jua likitoka baada ya mvua harufu ilipanda mpaka kitandani. Katika uzio kulikuwa na nafasi ya upana wa mtu mmoja, na humo zilipita sahani za mboga ya sombe, makaa ya moto, habari za mtaa, na vicheko. Jumapili wanawake hao wawili waliimba kwaya moja, benchi moja, daftari moja la nyimbo, kwa sababu koko alikuwa hasomi vizuri na jirani alikuwa anamwonyesha mstari kwa kidole. Sijaona tena urafiki wa namna ile. Labda upo, lakini mimi sijauona.

Kapita aliugua siku chache kabla ya Karema, mfungo wa Kwaresima. Alikonda, akawa anakunywa maji na kukojoa bila kikomo, na mdomo wake ukatoa harufu mbaya. Koko akamwita veterineri wa Kavumu, mtu wa ng'ombe hasa, aliyekuja kwa pikipiki akiwa na buti za matope. Alimvuta ngozi ya shingo, akamfunua fizi, akauliza anakula nini. Koko akamtajia kwa fahari: ugali, mabaki ya mchuzi, na vichwa vya sambaza kutoka kwa jirani. Veterineri akatikisa kichwa.

“Koko, hii mbwa mafigo yake imechoka,” alisema. “Chumvi, hapana. Samaki, hapana, hata kichwa. Mumupikie muchele ya kulainika, na boga kidogo, na ile weupe ya yayi. Na maji safi isikosekane.”

Hapo mtaa ukapata cha kuchekea. Mbwa wa kupikiwa mchele na yai! Vijana waliopita njiani walibweka ili nao waalikwe mezani. Jirani alicheka kuliko wote, akasema yeye pia mafigo yamemchoka, apakuliwe. Lakini alipomaliza kucheka aliahidi mbele yetu kwamba hatatupa tena kichwa hata kimoja upande wetu, na tangu siku ile alifagia mpaka magamba.

Kazi ya kulisha nikapewa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na koko aliniambia kwamba Kapita yuko mikononi mwangu. Alipika mchele ule kwenye sufuria yake ndogo ya chai, akaupoza kwa kuupepea na kifuniko, nami nikaupeleka kwa Kapita kama mtu anayepeleka sakramenti. Kapita akaunusa na kugeuza kichwa, na kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne mbavu zake zilihesabika, na koko akaanza kukaa naye barazani bila kumgombeza. Ukimya ule ulinitisha.

Sasa sikiliza kosa langu. Wakati wa Karema koko hakupika nyama kabisa. Tulikula maharagwe na makayabo, yale mapande ya samaki wa chumvi magumu kama mbao. Makayabo hayapikwi hivi hivi. Yanalazwa kwenye beseni la maji mpaka yaache chumvi, na maji yale ya kwanza yanamwagwa kwenye migomba. Mimi ndiye niliyekuwa nayamwaga. Na nikawaza, kwa akili yangu ya miaka tisa: veterineri amekataza samaki, haya si samaki. Amekataza chumvi, na chumvi ni ile nyeupe ya kwenye kopo. Haya ni maji tu, tena ya kutupa, na yananukia vizuri. Nikayachota kwa kikopo, nikayamwagia kwenye mchele. Kapita alikula mpaka akalamba udongo.

Koko alipoona sahani tupu alipiga magoti pale pale barazani akamshukuru Bikira Maria. Jioni alinipakulia kipande kikubwa, akaenda kwenye uzio kumwambia jirani kwamba huyu mtoto ana mkono, hata mgonjwa anakula kwake. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Basi nikaendelea. Wiki nzima, na wiki iliyofuata. Kapita alikunywa maji ndoo kwa ndoo, na koko alifurahi zaidi, kwa kuwa veterineri alisema maji yasikosekane.

Ningeweza kuishia hapo na kukuambia nilikuwa mtoto, sikujua. Wengi wangeishia hapo. Lakini siku moja nilichovya kidole ndani ya kikopo nikaonja, na nikatema. Yalikuwa chumvi tupu. Nikasimama na kikopo mkononi, nikafikiri kidogo, kisha nikamwagia. Bila maji yale asingekula, na asipokula mimi nisingesifiwa.

Alianza kutapika. Miguu ya nyuma ikakataa. Veterineri alirudi, akainama juu yake muda mrefu, halafu akauliza kwa upole ni nani anayempa chumvi. Koko aliapa kwamba hakuna. Akaniangalia mimi, nami nikasema nampa mchele tu. Kisha nikaona macho ya koko yakigeuka polepole kuelekea chini, kwenye mabati yanayong'aa sambaza. Nilijua anawaza nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na nilitazama vidole vya miguu yangu.

Kapita alikufa siku mbili baadaye. Tulimzika nyuma ya migomba, na koko hakulia. Jumapili ya Matawi, baada ya misa, alishuka mpaka kwenye ile nafasi ya uzio akiwa bado na tawi mkononi, mimi nikiwa nyuma yake.

“Maman, kama uko na kinyongo na mimi, ungeniambia mimi,” alisema. “Ile mbwa haikukukosea kitu.”

“Sikumupa kitu, mama,” jirani akajibu. “Hata kichwa moja.”

Kesho yake koko aliita fundi, naye akapigilia bati kwenye ile nafasi. Kila msumari niliusikia kutoka jikoni, ambako nilikuwa nachambua maharagwe. Kanisani koko alihamia benchi la nyuma, ambako hakuna aliyemwonyesha mstari, na kabla ya Pentekoste aliacha kwaya. Alisema kifua kinamsumbua. Miaka yote iliyofuata nilimpenda, nikamsomea barua, nikamkanda miguu, na kila siku niliamka nikiwa na ulimi mzima mdomoni. Nilisema kesho. Halafu nikaenda kusoma Lubumbashi, na ndiko nilikopata kazi, na kesho ikawa mbali. Koko alifariki bila kuambiwa.

Baada ya duka lile sikulala vizuri. Asubuhi nikaulizia jirani, nikaambiwa yuko Kavumu kwa binti yake. Nilimkuta ameketi mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, anachagua mawe kwenye maharagwe. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nilichuchumaa mbele yake, na niliposema tu Kapita, na maji ya makayabo, akaniwekea mkono gotini ili ninyamaze.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nakuonaka na ile kikopo, pale kwa migomba.”

Nikamuuliza kwa nini hakunisemea. Akaendelea kuchagua maharagwe.

“Ningesema, koko yako angekuchukia. Alikuwa na wewe tu. Nikasema, atakuwa mukubwa, atasema yeye mwenyewe.” Akatupa jiwe moja. “Ukakuwa mukubwa. Ku kilio ya koko nilikuja, nikakaa nyuma. Ulinipitia mara mbili na thermos ya chai.”

Ni kweli. Nilimwona siku ile. Nilimwona vizuri sana, nikawamiminia waliokaa kulia na kushoto kwake, kwa sababu niliogopa kwamba tukitazamana nitalazimika kusema. Nilimwambia hivyo. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu, kama koko aliwahi kupata kujua, hata mwishoni, hata kwa bahati. Nikamwambia hapana.

“Basi alikufa na mimi moyoni kama adui,” alisema, na hapo tu ndipo alipoacha kuchagua maharagwe.

Binti yake alitoka kuniletea kiti. Sikukaa. Nilijua kwamba nikikaa nitaletewa chakula, na mama yule angenipakulia.

Kiwanja cha Nyalukemba kimekwisha kuuzwa, na mnunuzi anajenga ghorofa hadi ukingo wa njia. Watu wanaponiona na huzuni wananifariji kwamba nyumba ni nyumba tu. Sijali nyumba. Kapita naye angekufa, chakula chochote ungempa. Figo zikishachoka namna ile hazirudi, na kwa mchele mtupu kabisa angefika labda mvua zilizofuata. Lakini koko aliishi miaka kumi na mitano baada yake, na mwanamke yule aliishi hatua ishirini chini yake, na miaka hiyo yote hawakusalimiana.