Nilisema Moto, Wakasikia Mapenzi

Aibu hii nimeifukia vya kutosha, na kwa kuwa watu wa Kaole wameshaieneza mpaka Vigwaza kwa namna yao (wapo wanaosema nililipua nyumba, Mungu anawaona), bora niisimulie mwenyewe. Lakini kwanza mnitambue. Mimi ni mshenga. Mimi ndiye natumwa kwenda kuposa, na Kiwangwa nzima hakuna posa iliyotoka kinywani mwangu ikarudi, hata ile ya kijana asiyekuwa na kazi wala meno ya mbele. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya basi, najisifu kidogo.

Sasa mshenga ni kinywa, na kinywa cha kuposea hakitakiwi kunuka sigara, ndiyo maana nikahamia sigara ya umeme, ile ya mvuke, na yangu ina ladha ya nanasi (mkulima wa nanasi avute nini tena?). Betri yake ni ndefu kama kidole, unaizungusha inachomoka, unaipachika kwenye chaji yake, taa nyekundu ikigeuka kijani ujue imeshiba na umeme umejikata. Chaji hiyo nzuri, iliyokuja na betri yake, niliisahau nyumbani siku ya kwenda Kaole kumposea mpwa wangu Rashidi. Na posa hiyo haikuwa ya mchezo: Rashidi na Mwanaidi walikuwa wamependana siku nyingi, lakini kuna watu wengine walikuwa wameshaomba nafasi ya kuleta barua yao ya posa juma linalofuata, kwa hiyo tukikosea neno, binti anakwenda. Mpwa wangu alikuwa hali wala halali.

Nami mkono ukaanza kuwasha kwa hamu ya kuvuta. Tulipofika stendi ya Bagamoyo nikamwambia shemeji yangu Sefu, baba yake Rashidi, anisubiri, nikamwendea muuza chaji aliyezipanga juu ya meza. Alikuwa nazo mbili za kuingia kwenye betri yangu. Moja ilikuwa kwenye boksi lake, na akasema hiyo ikiharibika nimrudishie. Ya pili ilikuwa tupu, nyepesi, haina hata jina.

"Hii nayo inachaji?" nikauliza.

"Mzee wangu, hiyo inachaji kila kitu, hata mawazo."

Nikachukua ya mawazo. Hapo ndipo shetani aliponipiga picha.

Kwa mzee Bakari, baba mkubwa wa Mwanaidi, tulipokewa kwa heshima zote, wanaume sebuleni juu ya mazulia, wanawake ndani nyuma ya pazia. Nikaomba kuchaji "simu". Soketi ilikuwa nyuma yangu, nikaipachika betri, nikaweka na sigara yenyewe pembeni yake, kisha nikavifunika kwa mto wa kuegemea, watu wasione. Taa iliwaka kijani pale pale. Mtu mwenye akili angejiuliza imeshibaje kabla ya kula, ila mimi nilifurahi, nikasema kumbe chaji ya bei rahisi ina kasi.

Nikaanza kazi yangu. Nikawaambia tumepita njiani tukaona bustani, na katika bustani kuna ua, na kijana wetu tangu alione ua hilo chakula hakipiti. Mzee Bakari naye si haba, akajibu, "Ua tunalo, bwana mshenga, lakini lataka mmwagiliaji, halitaki mchumaji." Nikarudisha, akarudisha, yaani tulikuwa tunapigana mafumbo mpaka Sefu machozi yanamlenga. Siku ile nilikuwa mtamu jamani.

Mara harufu ya nanasi ikatanda sebule nzima.

"Mashaallah," mzee mmoja akasema, "watu wa Kiwangwa mpaka udi wao wa nanasi."

Nikacheka, lakini mgongo ukaanza kupata joto, na nyuma yangu nikasikia chiriii, kama samaki anatiwa kwenye mafuta. Nikageuka nikaona mto unafuka. Nikasema, kwa sauti ya heshima (nilitaka kuokoa nyumba na heshima kwa pamoja), "Jamani, kuna moto."

Mzee Bakari akatikisa kichwa taratibu. "Umeanza lini moto huo?"

"Sasa hivi!"

"Moto ulioanza sasa hivi hatuuamini. Huzimika upesi. Sisi twataka moto wa kuni za mkoko."

"Si huo, mzee! Moto kweli, uko nyuma yangu!"

"Ndiyo, aliye nyuma yako ndiye aliyekutuma."

Nyuma ya pazia wakapiga kigelegele. Sefu akaninong'oneza, "Shemeji, hapo umeua." Nikainuka nikipiga kelele, "Unawaka! Nawaambia unawaka!" na wazee wakapiga makofi, mmoja akafuta macho, mpaka nilipogeuka wakaona pindo la kanzu yangu nalo linawaka. Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Sefu alinivamia kwa kilemba chake akawa ananipiga nacho, na wazee waliokuwa wakinisifu wakagombania mlango.

Pazia likafunguka akatoka Mwanaidi, ambaye kwa desturi siku ile hakutakiwa hata kuonekana unyayo. Akazima umeme kwanza. Akachukua koleo la chetezo, akabana kile kidubwasha kinachotema cheche, akatoka nacho uani akakifukia kwa mchanga, akarudi na ndoo ya maji akaumwagia mto, na kanzu yangu, nami nikiwa ndani yake. Akaniangalia nilivyolowa, akanusa.

"Mjomba," akasema, "simu yako inanuka nanasi."

Nilitamani ardhi ya Kaole ifunguke. Nilijua ndiyo basi, posa ya kwanza kurudishwa, na ni ya damu yangu. Mzee Bakari akamtazama binti yake.

"Umemwita nani?"

Mwanaidi akashtuka, akajifunika uso kwa ushungi, akakimbilia ndani. Pale kwao mimi nilikuwa mgeni, mshenga wa watu; wa kuniita mjomba ni Rashidi tu, au mke wake.

"Wazee," mzee Bakari akasema, "keshamwita mjomba. Sisi tuna jibu gani tena?" Kisha, juu ya mkaja na kilemba wanavyopewa wazazi wa binti, akaongeza, "Na mto mpya."

Kwa hiyo andikeni: sijarudishwa! Na mkwe wetu yule, nikimtazama kifua kinanijaa, kwani hata leo akinipigia simu baada ya salamu huniuliza, "Mjomba, umechomoa?" Nimechomoa, mwanangu. Nachaji kwa chaji yake yenyewe, juu ya sakafu tupu, macho yangu yakiwa hapo hapo, na chaji isiyojua kushiba haitaingia kwangu mpaka nazikwa.

Na kila ninapokwenda kuposa, kabla ya bismillahi ya barua, husimama nikawatangazia wenyeji: mafumbo yangu yote ni ya maua. Nikitaja moto, kimbieni.